Ndewe ya Sikio

Mama hakuwa na mizani jikoni.
Alikuwa na sikio langu.

Kila Jumatano ya Wiki Takatifu, nyumbani kwetu Gozo,
madirisha yamefungwa ili harufu ya ndimu isitoroke,
alikanda unga, siagi, sukari na viini vya mayai,
kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono
akanibana ndewe kwa vidole viwili.
"Bado," alisema. "Huu mgumu kuliko wewe."
Akadondoshea maji ya maua ya mchungwa,
akakanda, akanibana tena.
Unga ulipofikia ulaini wa sikio langu, basi, ulikuwa tayari.
Nilikwenda kanisani nikinukia ndimu upande mmoja.

Kalibu zilikuwa kazi ya Baba.
Wistin, mchomeleaji wa meli chelezoni,
alikata mabati ya makopo ya mafuta
akayakunja yakawa samaki, kikapu, mwanakondoo,
na mwanamke wa kiuno chembamba
ambaye Mama alimtazama sana, asiseme neno.
Mwanakondoo alikuwa na miguu mitatu.
Bati liliisha.
Tulimpenda kuliko wote.

Samaki wa unga chini, lozi za kusaga katikati,
samaki mwingine juu, kama shuka.
Kisha sukari ya rangi, na jicho la pipi.
Na hakuna kulamba! Kwaresima ni Kwaresima.
Kaka yangu Indri alilamba kijiko nyuma ya mlango,
Ijumaa akaenda kuungama.
Padri alimuuliza kama lozi zilitosha.

Mama alifariki Novemba.
Pasaka ilipokaribia Baba alifungua kabati
akazitoa kalibu, akazipanga mezani
kama vipuri vya injini isiyo yake.
Akafungua daftari la Mama:
*Unga, kiasi. Siagi, ya kutosha. Kanda mpaka iwe.*
Mpaka iwe nini, hakuandika.

Alikanda kama mtu anyooshaye chuma.
Samaki wa kwanza alitoka jikoni kwa majirani
kupitia mdomo wa mbwa wao, naye mbwa akamtema.
Unga wa pili ukapasukapasuka.
Wa tatu, Baba akasimama, mikono hewani,
mweupe mpaka viwikoni,
akaniuliza kwa aibu
ya mtu anayeulizia njia katika mtaa aliozaliwa:
"Mama yako alijuaje?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikutaka kuguswa na mtu mwaka ule.
Nikavua hereni.
Nikamsogezea kichwa.

Vidole vyake vilikuwa na makovu ya cheche.
Alinishika ndewe kama unavyoshika kitu cha kuazima,
akafumba macho,
akarudi kwenye unga, akarudi kwangu,
unga, sikio, unga, sikio,
mpaka saa ya jikoni tukaisahau.

Siku hizi nakanda mimi.
Mwanangu Nenu ana masikio ya babake, yamekakamaa kidogo;
labda ndiyo maana figola zangu huvunja meno.
Baba huketi karibu na jiko, miaka themanini na mbili,
kila mwaka husema atamchomelea mwanakondoo mguu wa nne,
kila mwaka tunamficha koleo.

Jana Nenu alichoka kubanwa.
Akapanda kiti, vidole vimejaa unga,
akamshika babu yake sikio, lile refu,
lililolegea kama kitambaa cha zamani,
akalipima kwa makini, akatikisa kichwa:
"Hili limelainika mno, Babu. Liongezwe unga."

Akaliongeza.

Baba alikaa hivyo jioni nzima.
Wageni walikuja, wakanywa kahawa, wakaondoka,
mmoja akamnong'oneza kwamba ana kitu cheupe sikioni.
"Najua," alisema,
na hakukipangusa.